Jani Nyuma ya Goli

Mara ya kwanza kusikia watu wakiicheka kazi ya mikono yangu, nilikuwa nimeisokota mwenyewe na kuijaza karanga.

Ilikuwa mwaka tisini na nne, nyuma ya goli la kaskazini la uwanja wa Kasulu. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, nimekaa juu ya kigoda kifupi, beseni la karanga za kukaanga likiwa mbele ya magoti yangu. Magazeti ya wiki iliyopita ndiyo yaliyokuwa vifungashio. Unachana ukurasa vipande vinne, unasokota kipande kama pembe ya mbuzi, unajaza karanga, unakunja mdomo. Mteja mmoja, bwana wa makamo mwenye koti la mvua, alimaliza karanga zake, akakunjua karatasi ili aitupe, mkono ukasita. Akaanza kucheka. Alicheka hadi machozi, akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mwingine, na ile karatasi ikapita mikononi mwa watu kumi ikiwa imelowa mafuta na chumvi. Waliobanwa nyuma walipiga kelele wakitaka nao waone. Mimi niliinamisha kichwa, nikaendelea kusokota pembe zangu huku uso ukiniwaka kwa furaha, kwa sababu katuni iliyokuwa ikiwavunja mbavu nilikuwa nimeichora mimi, jikoni kwa mama, huku nikilinda maharage yasiungue.

Hakuna hata mmoja wao aliyejua. Chini ya katuni ile palikuwa na jina la kaka yangu.

Naitwa Kuruthumu. Nina duka la vitambaa na vyombo hapa Kasulu mjini, na watu wa mji huu wanaujua ulimi wangu kuliko wanavyozijua bei zangu. Wanasema sina simile. Mtu akija kununua vikombe sita vya harusi ya mwanawe nitamwambia ukweli kwamba kimoja kina ufa, kisha nitamuuliza mkwe ametoka ukoo gani. Lakini katika jambo moja tu, miaka thelathini, niliufunga mdomo wangu nikaukalia.

Baba yetu, Mzee Hashimu, Mungu amrehemu, alikuja Kasulu kutoka Ujiji akiwa na kanzu mbili na msimamo mmoja. Binti yake kuuza karanga uwanjani hakuona taabu. Biashara haina aibu, alikuwa akisema, Bi Khadija mwenyewe alikuwa mfanyabiashara. Ila binti huyo huyo kuchora wanaume waliovaa bukta, tena picha zisambae mkoa mzima zikiwa na jina lake chini, hilo lingemnyima usingizi mpaka mwezi wa Ramadhani uingie na kutoka. Kwa hiyo nilichora kwa kujificha, nikawa nafuta, nikawa nachana. Hadi siku kaka Mudathiri alipozikuta zile karatasi chini ya gunia la mchele.

Kaka alikuwa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, katibu wa timu ya mji. Kuchora hakujui kabisa. Akichora kuku utadhani ni birika. Lakini siku ile alizitazama karatasi zangu, akacheka kwa sauti, kisha akaniambia neno ambalo mpaka leo najua lilitoka kwenye moyo mwema: "Hizi zisife humu ndani, mdogo wangu. Tuma kwa jina langu. Baba hawezi kugombana na mimi."

Wakati huo lilikuwapo gazeti dogo la michezo lililochapwa Kigoma mjini, likiitwa Filimbi ya Magharibi. Lilikuwa na kurasa nane, na wino wake ulikuwa ukihamia vidoleni. Kila Jumatatu kaka alichukua bahasha yangu, akampa kondakta wa basi la Kigoma. Kila Alhamisi basi lilirudi na furushi la magazeti, na kabla hayajafunguliwa tayari watu walikuwa wamejipanga mbele ya duka la baba. Ukurasa wa mwisho, wenye katuni, ulibandikwa mlangoni kwa uji wa muhogo. Hakuna aliyeruhusiwa kueleza katuni kwa sauti mpaka kila aliyefika awe ameiona. Hiyo ilikuwa sheria ya mlango ule, na aliyeivunja alitimuliwa. Ijumaa gazeti lilifika Kibondo, na Jumamosi tulianza kupata habari za waliokasirika.

Watu walisema Mudathiri ana jicho. Walisema pia ana mtindo wake: miguu ya wachezaji mikubwa kama vinu, vichwa vidogo vimekaa mbali huko juu. Hawakujua kwamba mchoraji huutazama mpira akiwa juu ya kigoda cha inchi nane. Na walisema ana utani wa ajabu, kwa maana kila alipochora goli, mlingoti mmoja ulikuwa na jani.

Jani hilo halikuwa utani. Mwaka ule miti ya goli la kaskazini iling'olewa na upepo siku mbili kabla ya Kibondo kuja. Vijana wa Nyakitonto wakajitolea kuleta mingine, na kwa haraka yao wakaleta mmoja wa mkaratusi na mmoja wa mvumu. Sasa, hapa kwetu hata mtoto anajua kwamba mvumu haukubali kuwa nguzo. Ukiuchomeka ardhini unaota. Nyua za wazee wetu zote zilianza hivyo. Lakini Kibondo walikuwa njiani, na mbele ya Kibondo hakuna Mkasulu mwenye kumbukumbu. Mvua ya kwanza ikanyesha, mlingoti ukachipua. Kabla ya kila mechi mwamuzi aliamuru uparwe, nao waliupara upande wa mbele, ule unaoonekana na meza kuu. Upande wa nyuma hakuna aliyehangaika nao. Pale, kwenye usawa wa macho yangu, palikuwa na jani moja la kijani, nami nililichora kila wiki kwa miaka mitano, mpaka gazeti lilipokufa, nikaolewa, nikazaa, nikafungua duka.

Mwaka huu, mwezi wa sita, aliingia dukani kwangu Odilia, afisa utamaduni wa wilaya, binti mchangamfu aliyehamishiwa kwetu kutoka Songea.

"Shikamoo, Bi Kuruthumu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"Sikai, mama. Nimekuletea mwaliko." Akaniwekea kadi juu ya kaunta. "Tumepata hazina. Katuni zote za kaka yako, toka ya kwanza hadi ya mwisho. Mzee mmoja wa Kibondo amezihifadhi sandukuni miaka yote hii, hata panya hawakuzigusa. Tumezikuza, tutazitundika uwanjani siku ya mechi ya Kasulu na Kibondo. Mzee Mudathiri ndiye mgeni rasmi, na atachora katuni mpya mbele ya watu."

Niliisoma kadi. Kalamu ya Mudathiri, iliandikwa kwa dhahabu.

"Huyo mzee wa Kibondo ameziachia hivi hivi?" nikauliza.

"Ametoa sharti moja tu. Anataka amuulize mchoraji swali, hadharani. Swali lenyewe hakunitajia."

Nilimpongeza, nikampunguzia bei ya kitambaa cha meza, akaondoka akiimba. Kisha nikasimama peke yangu katikati ya mabeseni na mabirika, na nikaambiana ukweli na nafsi yangu: iliniuma. Nilikuwa nimejidanganya miaka yote kwamba mambo yale yalikuwa ya utoto, yamepita, na kwamba mtu mzima mwenye wajukuu watatu hahangaikii vikatuni. Kumbe kidonda kilikuwa pale pale, kimefunikwa tu na shughuli.

Kaka alikuja kesho yake. Ana miaka sitini na tatu sasa, mvi zimemkaa vizuri, na bado anatembea na kalamu mbili mfukoni. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akauliza habari za wajukuu mmoja baada ya mwingine, nikajua ana haja.

"Mdogo wangu," akasema hatimaye, "umesikia mambo ya Odilia."

"Nimeona kadi."

"Nimemwambia mkono wangu una baridi yabisi, siwezi kuchora mbele za watu. Amekubali nije na katuni niliyochora nyumbani." Akajikuna shingo. "Nichoree moja. Ya mwisho."

"Na swali la mzee wa Kibondo?"

"Hilo ndilo linaloninyima raha. Lakini nitapata la kusema. Nilikuwa katibu miaka kumi na moja, maneno hayajawahi kuniishia."

Nikasema ndiyo. Ndivyo nilivyozoea, kwa kaka yangu neno hilo lilikuwa likinitoka kabla sijalifikiria. Alipoondoka nilifunga mlango wa duka mchana kweupe, jambo ambalo sijalifanya hata siku ya mafua, nikatandaza karatasi kwenye kaunta. Nilidhani mkono umekufa. Nilichora mstari mmoja wa kiatu, ukapinda vibaya. Nikachora wa pili. Wa tatu ukakaa. Ikafuata soksi iliyoteremka, goti lenye kovu, kitambi cha mwamuzi. Nilichora mwamuzi anayepuliza filimbi huku anamkimbia mbuzi. Nilicheka peke yangu kama mwehu, nikagundua kwamba machozi yananitoka, na si ya huzuni. Mikono yangu ilikuwa hai. Nilikuwa nimeinyima chakula chake miaka ishirini na mitano, nayo haikuwa imeninunia.

Nikamalizia na goli, mlingoti, na jani.

Kaka aliporudi kuichukua, karatasi ilikuwa chini ya kiganja changu.

"Nitakupa," nikamwambia, "ukinijibu kitu kimoja. Kwa nini mlingoti una jani?"

Alitabasamu. "Si ni utani wako tu? Pambo."

"Pambo."

"Ee. Alama yako. Kama vile mafundi cherehani wanavyoweka kidoti." Akaninyooshea mkono. "Lete basi, naitwa kikaoni."

Nilimtazama. Miaka mitano alikuwa akizipeleka bahasha zile stendi, miaka thelathini watu walikuwa wakimshika mkono njiani kumpongeza kwa jani lile, na hakuwahi kujiuliza limetoka wapi. Hakuwahi kuja kukaa nyuma ya goli hata dakika moja. Sikumchukia. Ila kitu fulani ndani yangu, kilichokuwa kimekaa kwa adabu tangu nikiwa binti, kikasimama wima.

"Hii haiendi, Kaka."

"Haiendi wapi?"

"Kwa jina lako. Nataka jina langu."

Uso wake ulibadilika rangi. "Baada ya miaka yote hii? Kadi zimetoka, Kuruthumu. Wanangu wanakuja toka Mwanza. Unataka kunivua nguo mbele ya Kibondo?"

"Sikuvui nguo, Kaka. Ila sikuvishi tena."

Alisimama, akavaa kofia yake, akaitoa, akaivaa tena. Akaondoka bila kuaga, na kwa siku nne hatukuonana.

Sitajifanya shujaa. Siku ya mechi niliamka nimekata tamaa. Nilijiambia nikae nyumbani, wamalize sherehe yao, dunia haitaanguka. Saa saba mchana Asnath akabisha hodi. Asnath ni Muha wa Rungwe Mpya, shoga yangu wa nyuma ya goli. Tuliuza pamoja tangu usichanani, na mpaka leo yeye anauza. Ndiye mtu pekee, mbali na kaka, aliyewahi kuniona nikichora. Alikuwa na beseni la karanga kichwani na jingine tupu mkononi.

"Mwakeye, dada," akanisalimia kwa Kiha, salamu ya asubuhi, saa saba mchana, kwa kunitania kwamba bado nimelala. "Nimekuletea beseni lako. Leo unauza au unaogopa?"

"Nina duka mimi, Asnath. Karanga za nini?"

"Sijauliza una nini. Nimeuliza unaogopa?"

Nilivaa baibui langu jipya, nikachukua beseni. Kwenye mkoba, nikaweka daftari na penseli, bila kujua kwa nini.

Uwanja ulikuwa umefurika. Kibondo walikuwa wamekuja na malori manne, wameleta na ngoma. Odilia alikuwa amezitundika katuni nyuma ya goli la kaskazini, kwa sababu huko ndiko kuliko na mti wa kufungia kamba. Mti wenyewe ni ule mlingoti. Uwanja ulipopanuliwa na kuwekewa magoli ya chuma, goli lilisogezwa mbele hatua kumi, mkaratusi ukaliwa na mchwa, na mvumu ukaachwa uote upendavyo. Leo watu wawili hawaukumbatii wakakutanisha mikono. Kamba ilitoka kwenye shina lake hadi kwenye nguzo ya taa, na juu ya kamba zilikuwapo katuni zangu zote, kila moja kubwa kama shuka la mtoto.

Nilisimama pale nikizihesabu moja moja. Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa walikuwa wanacheka. Wazee walikuwa wakinyoosha vidole: huyu ni fulani, huyu alikwisha kufa, huyu ndiye aliyejifunga akashangilia. Ile sheria ya mlango wa baba ilikuwa imerudi yenyewe, nilimsikia babu mmoja akimkemea mjukuu wake, "Usiseme! Mwache mwenzio aone kwanza."

Katikati palikuwa na katuni ya kipa wa Kibondo. Mechi ya tisini na nne. Kipa ameupa uwanja mgongo, anautazama wavu, mashavu yamefura karanga, na nyuma yake mpira unapita kati ya miguu kuingia golini. Chini imeandikwa: Ngojeni kwanza nimeze. Mkoa mzima ulicheka mwezi mzima, na kila mtu aliamini kwamba mchoraji ametia chumvi.

Tukaweka mabeseni yetu chini, pale pale pa zamani, Asnath akanigawia nusu ya karanga zake, akakaa kwenye kigoda chake. Kaka alikuwa mbele na Odilia, amevaa suti, mikono nyuma, hanitazami. Odilia akakaribisha wageni, akasifu, akashukuru, kisha akampa kipaza sauti mzee mrefu mwenye mabega mapana aliyesimama chini ya katuni ya kipa.

"Mimi ni Longinus," mzee akasema. "Nimetoka Kibondo. Picha hizi zilikuwa kwangu. Mwenye macho aangalie picha hii, kisha aniangalie mimi."

Watu wakaangalia, wakalinganisha, kisha uwanja ukaripuka. Lilikuwa pua lile lile.

"Ego, ndiyo, chekeni," akasema, naye akicheka kidogo. "Kibondo hawaniiti Longinus. Wananiita Karanga. Mke wangu aliposikia jina hilo siku ya kuposwa, nusura arudishe barua. Miaka thelathini nimeapa kwamba sikula. Nimemwapia kocha, nimemwapia padri, nimemwapia mama yangu mzazi. Leo nimezeeka, sitaki kwenda na uongo kaburini." Akavuta pumzi. "Nilikula."

Kelele zilizofuata sijawahi kuzisikia hata siku tulipochukua kombe. Ngoma za Kibondo zililia zenyewe. Longinus alisubiri, mkono juu, kama kipa anayepanga ukuta.

"Tulitoka Kibondo alfajiri juu ya lori, tumbo tupu. Mpira ulikuwa huko kusini, macho ya watu wote yalikuwa kusini. Nikageuka, nikala. Sasa swali langu, Katibu Mudathiri. Wewe nakukumbuka, ulikuwa meza kuu, upande ule wa magharibi, umevaa shati jeupe. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo nyote. Mashavu yangu uliyaonaje?"

Watu wote wakageuka. Kaka alipokea kipaza sauti, akakohoa.

"Msanii," akasema, "ana namna yake ya kuona. Huona kwa moyo."

"Moyo hauoni chumvi kidevuni," Longinus akajibu bila hasira. "Umechora chumvi kidevuni, na chumvi ilikuwapo. Niliifuta baada ya kufungwa. Nakuuliza kwa heshima, ndugu yangu. Nimezihifadhi picha hizi kwa sababu aliyezichora ndiye pekee duniani aliyejua kwamba mimi si mzembe, nilikuwa na njaa tu. Angalia macho aliyonichorea. Ni macho ya mtu mwenye njaa. Nataka kumjua aliyeniona."

Kaka akahamisha kipaza sauti mkono wa pili. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye kola. Nilimwona akitafuta maneno yake ya miaka kumi na moja, na kwa mara ya kwanza hayakuwapo. Nilimwonea huruma, wallahi nilimwonea huruma. Lakini yule mzee alikuwa ametoka Kibondo kumtafuta mtu, na mtu huyo alikuwa mimi, na kama ningekaa kimya siku ile ningekuwa nimejizika mwenyewe nikiwa hai.

Nikasimama.

"Longinus!" niliita. Sauti yangu haihitaji kipaza sauti, waulizeni majirani. Watu waligeuka, wakanipisha njia. "Zile karanga ulizipata wapi?"

Alinitazama akikunja macho. "Kwa binti mmoja. Alikuwa amekaa nyuma ya goli. Alinipitishia kwenye tundu la wavu."

"Naye ulimwambia nini?"

Mdomo wake ukafunguka polepole. Alitazama beseni langu, akatazama kigoda cha Asnath, akanitazama mimi.

"Nilimwambia," akasema, "nilimwambia, 'Dada, usimwambie mtu.'"

"Na sikumwambia mtu," nikasema. "Nilichora."

Sijui aliyeanza kupiga makofi. Nadhani ni Asnath, kwa kupiga beseni. Nakumbuka Longinus ametupa mikono juu kama aliyeokoa penalti, amekuja kunishika viganja vyote viwili, ananitikisa, anasema, "Ni wewe! Ni wewe!" Nakumbuka wanawake wa nyuma ya goli, wauza karanga, wauza ndizi, wauza maji, wamepiga vigelegele mpaka wachezaji waliokuwa wanapasha misuli wakasimama kutazama. Nikauonyesha mti. Nikawaeleza habari za mvumu na vijana wa Nyakitonto, na kwamba jani halikuwa utani, lilikuwa pale, na kwamba aliyekaa nyuma ya goli tu ndiye aliyeliona. Wazee wakawa wanashika vichwa. Miaka thelathini!

Odilia, macho yamemtoka, akanitolea kalamu ya wino mzito. "Mama," akasema, "basi tuchoree." Ubao wenye karatasi kubwa ulikuwa umewekwa juu ya kiti na upepo ulikuwa ukiutikisa. Nilipoinua mkono niliona mtu ameushika ubao kwa pande zote mbili, ameukaza kifuani kwake. Alikuwa kaka.

Tulitazamana juu ya ule ubao mweupe. Kisha akauachia mkono mmoja, akachukua kipaza sauti.

"Mimi ni Mudathiri," akasema, kama mtu anayejitambulisha mji mgeni. "Nilikuwa napeleka bahasha stendi." Akanigeukia. "Hata siku moja basi halikuniacha."

Watu wakacheka, wakampigia makofi, naye akainamisha kichwa akaushika tena ubao. Nikachora. Nilimchora Longinus mzee, amesimama golini na pua lake, mikono imejaa karanga, na mpira umemkalia kichwani kama kuku anayetaga. Nikachora mlingoti. Nikachora jani. Mkono haukusimama mpaka nilipofika chini kwenye kona, mahali pa jina. Hapo nilimkumbuka baba, na kanzu zake mbili. Nikaandika Kuruthumu, nikapumua, kisha nikaandika na jina lake kando ya langu: Kuruthumu Hashimu. Lilikaa vizuri mno.

"Hizi nyingine tuzifute jina?" Odilia akaninong'oneza, akionyesha kamba.

"Liache," nikamwambia. "Bahasha nazo zilikuwa na kazi yake. Niandikie langu kando tu."

Longinus aliubandua mchoro wake, akaukunja kwa uangalifu mkubwa, akatangaza kwamba utakaa sebuleni kwake Kibondo, na atakayemwita Karanga kuanzia leo atapelekwa kwanza akausalimie. Filimbi ikapulizwa, watu wakatawanyika kwenda kutafuta nafasi. Wengine walibaki nyuma ya goli pamoja nasi, watu waliokuwa na viti vyao jukwaani, wanasema wanataka kujua huku kukoje.

Nilirudi kwenye beseni langu. Baada ya muda kidogo kivuli kikanijia begani. Kaka alikuwa amevua koti la suti, analo mkononi, hajui aliweke wapi.

"Huku mnakaaje?" akauliza.

"Chini."

Asnath akasogea, akapangusa vumbi kwenye kigoda chake, akampisha. Kaka akakaa, magoti yakamfika karibu na kidevu, akatazama mbele kupitia wavu.

"Miguu yao," akasema mwishowe, polepole. "Kweli ni mikubwa."

Nikamsokotea pembe ya karanga, akaipokea kwa mikono miwili. Kasulu walikuwa wameshapoteza mpira upande wa kusini, uwanja mzima umegeukia huko, ngoma za Kibondo zinachemka. Golini kwetu alikuwa amebaki kipa wa Kibondo peke yake, kijana mwembamba, ambaye inasemekana alitoka kwao alfajiri. Aligeuka. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akalitazama beseni langu.

Nikatoa penseli.